Upatu wa Bweni Haukufia Mkononi mwa Shangazi

Sikuuza. Nasema tena, na safari hii nasema kwa maandishi, maana kila nikianza kwa mdomo Bi Shamte anakohoa, Mwanaidi anauliza kama Dar es Salaam kuna sukari, na habari yangu inaishia Kilindoni. Kusoma nimejifunza mwenyewe kwa magazeti ya kufungia maandazi. Kuandika nimejifunza kwa kunakili magazeti hayohayo, kwa hiyo mkikuta mahali nimeandika kama tangazo la sabuni, mnivumilie. Mtaisoma kwenye darasa la watu wazima, kila mtu na ukurasa wake, na atakayemkatiza mwenzake mwalimu amrudishe mwanzo.

Mwanaidi kasema kisimani, mbele ya ndoo zote za Bweni: "Kaenda na upatu, karudi na sahani ya wali, na sisi tumekaa kimya." Mwanaidi, wewe hujakaa kimya tangu uzaliwe. Mama yako mwenyewe kaniambia.

Lakini karatasi hii inaweza kufika Kirongwe, au hata nje ya Mafia yetu, ambako hawayajui ya kwetu, basi naanza na waliokuwa hawapo. Kikundi chetu cha ngoma kilikuwa na upatu, yaani kile kisahani kizito cha shaba kinacholazwa juu ya kata ya kamba na kupigwa kwa kijiti. Ngoma zote zinaufuata upatu. Ukikosea upatu hata bibi harusi anajua. Mpigaji ni shangazi yangu, Bi Kombo, aliyenilea mie tangu meno ya utotoni. Na kwetu mpiga upatu haokoti kijiti. Anakaa, anatulia, mwenzake mmoja anamwekea kijiti mkononi, ndiyo anaanza. Hata awe na hamu vipi, hajiokotei. Anapewa.

Sasa siku ile tunafanya mazoezi ya kuwapokea wageni wa chama, shangazi alipiga mara ya kwanza tu, upatu ukapasuka kutoka ukingoni mpaka katikati. Na kwa kuwa jana yake alikuwa amegombana na Bi Shamte, kiongozi wetu, juu ya nani aimbe mbele, mkasema kaupiga kwa hasira. Mkamnyang'anya kijiti hadharani. Wageni wakapokewa kwa ngoma tupu, kama msafara wa maiti, na lawama mkamtwika yeye.

Tangu hapo shangazi anapika bila chumvi na hajui. Anakaa jikoni, vidole vyake vinagonga kinu, kisha anajikumbuka anaviweka mapajani. Na bintiye, Mwanakheri, anaolewa Ijumaa ijayo. Mnataka mama mtu aikae harusi ya mwanawe kama mgeni mwalikwa, mikono mitupu. Mie nikasema hapana. Nikaufunga upatu kwenye kanga nikaondoka.

Bweni mpaka Kilindoni

Mambo ya vibali na barua za balozi wa nyumba kumi sitawasimulia. Nilipata, yakaisha.

Nilipanda trekta la kijiji, lile la kulimia shamba la ujamaa, ambalo shambani halijawahi kuonekana lakini Kilindoni linaijua njia. Tela limejaa magunia ya mbata, mie juu ya magunia, upatu mapajani. Barabara yetu mnaijua. Kabla ya kijiji cha Kanga tela lilichomoka likabaki nyuma, na dereva akaendelea mbele anapiga mluzi. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Aliporudi akaniambia, "Nilijiuliza mbona leo trekta lina nguvu."

Pini ya tela ilikuwa imekatika. Akautazama mzigo wangu akasema humo ndani kama kuna chuma nimpe. Nikamwambia humo ndani kuna ndugu yangu. Akachonga kijiti cha mkungu, akachomeka, tukafika Kilindoni tukiwa na harufu ya mbata kiasi kwamba mbuzi wa bandarini walitufuata.

Baharini na mwalimu

Chombo kilikuwa cha injini, cha mizigo, kinapeleka nazi na kurudi na mapipa matupu. Nilikaa karibu na mwalimu mmoja wa kike wa Kilindoni, mtu wa bara, Mngoni, Mkristo, mpole, anayetapika kwa adabu, kila mara anasema samahani. Nilimshika kichwa. Alipopata nafuu akaniangalia nilivyoupakata mzigo wangu kwenye kanga.

"Dada, mtoto wako ametulia sana," akasema. "Hajalia tangu tuondoke."

Mie nilikuwa nawaza yangu. "Hawezi kulia tena," nikamwambia. "Kapasuka."

"Amefanya nini?"

"Kapasuka. Kutoka huku mpaka huku. Nampeleka Dar wakamtazame."

Mwalimu alipiga ishara ya msalaba, akanishika mkono, machozi yakaanza. Nikafunua kanga. Akauchungulia, akacheka mpaka akatapika upya. Tangu hapo tukawa ndugu. Akanipa karanga za kuchemsha, nikampa mkate wa kumimina, na tukabishana njia nzima. Yeye anasema upatu ni shaba, kasoma chuoni. Mie nasema ni shaba, nimesoma kwenye gazeti. Tulikuwa tunabishana wakati tunakubaliana, na wote wawili tulikuwa tumekosea, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye.

Katikati ya maji injini ikazima. Fundi wa chombo akatoka chini mweusi kama sufuria, akagombana na nahodha, akagombana na injini, kisha akauona upatu wangu. Akasema akikata kipande cha vidole viwili aweke kwenye bomba, tutafika. Abiria wote wakanigeukia kwa macho ya huruma, huruma yao wenyewe.

"Kateni meno yenu ya dhahabu," nikasema.

Mzee mmoja kweli alikuwa nalo jino la dhahabu, akafunga mdomo hatukumsikia tena mpaka gati. Tulikaa palepale, tunacheza na mawimbi, mpaka fundi akapata ndara za mtu akazikata akaziba bomba kwa mpira. Kwa hiyo tulifika Dar es Salaam kwa ndara za abiria wa Jibondo, na yeye akashuka peku. Hakuna aliyemshukuru. Mie nilimshukuru.

Gatini

Mgambo wa gati aliniita kabla sijatia mguu chini. Kijana, kaptura ya kaki, firimbi shingoni. Siku hizi waya za simu zinaibiwa, watu wanaziyeyusha, na kila aliyebeba kitu chekundu au cha njano ni mhujumu.

"Ndugu, hiyo shaba ya nani?"

"Ya ngoma."

"Ngoma ni ngozi."

"Huu ni upatu, ndugu. Unapigwa."

"Basi upige."

Jamani. Mbele ya wapagazi, abiria, na yule mzee wa jino. Nikakaa juu ya gunia, nikauweka upatu kwenye kanga niliyoiviringisha, nikaupiga kwa ufunguo. Ukatoa sauti ya debe lililokanyagwa na ng'ombe.

Wapagazi wakacheka wakashikana. Mgambo hakucheka. Akainama, akauinua, akapitisha kidole kwenye ufa. "Mama yangu yuko Kilwa," akasema. "Anapiga. Huu wenu nani kaufanya hivi?"

"Wanasema shangazi yangu."

"Kwa kijiti?" Akanitazama kama mie ndiye niliyesema. "Kijiti kinapasua upatu? Mama yangu anapiga tangu mie sijazaliwa, na ana mkono mzito, niulize mie." Akanipisha. Nyie mliokaa na upatu miaka yote hamkuliuliza swali hilo, kaliuliza mtu wa firimbi.

Kariakoo

Nilifikia kwa mjomba, Magomeni, ambako nilipewa mkeka na maneno. Maneno yalikuwa ya mke wa mjomba, kwamba wageni kutoka Mafia huja na nazi, mie nimekuja na sahani mbovu. Nilikuwa na ng'onda, samaki wakavu wazuri, kikapu kizima, lakini hao nilikuwa nimewawekea fundi, mtu asije akaufanya upatu wetu kwa kuripua.

Kariakoo nikampata fundi bati, anayetengeneza vibatari na majiko kwa makopo ya maziwa. Anajisifu huyo. Kauangalia upatu kama anaangalia kopo. Akawasha moto wake wa kulehemu, akatia risasi kwenye ufa, ikashika. Nikapiga. Debe lilelile, sasa limeziba pua. Akasema ngoja ninyooshe, akachukua nyundo kabla sijasema kitu, akaugonga ukingoni. Kipande cha ukubwa wa ukucha kikaruka kikampiga jirani.

Nilimnyang'anya nyundo. Sijui nilitaka kufanya nini nayo, lakini watu watatu walinishika.

"Dada, tulia," akasema fundi, na sasa sauti imeshuka. "Hii si shaba. Shaba ukiigonga inapinda. Hii imekatika kama kigae cha mtungi. Tazama." Akaniokotea kile kipande. Ndani ya mkato rangi ilikuwa ya kijivu, chengachenga, kama sukari guru. "Nenda Uhindini ukamuulize Mzee Nanji. Yule ndiye anawatengenezea kengele zao za mungu. Lakini piga kelele, hasikii."

Kwa Mzee Nanji

Nilipofika mlangoni nikatangulia na kikapu cha ng'onda, nikakiweka katikati ya sebule, juu ya mkeka wao msafi, nikasema shikamoo. Bibi mmoja mnene mwenye sari nyeupe akatoka chumbani, akanusa, akaita jina la mungu wake mara nyingi. Kumbe wale hawali samaki. Hawali nyama, hawali yai, samaki ndio hata jina lake hawataki ndani. Mie kwetu mtu asiyekula samaki ni mgonjwa.

"Marahaba mwanangu," akasema bibi, kaziba pua kwa ncha ya sari. "Umetuletea nini, msiba?"

Kiswahili chake cha Unguja, kinanyooka kuliko changu. Alizaliwa Malindi, Unguja, na wote mtaani wanamwita Ba, maana yake kwao ni mama. Kikapu kikapelekwa barabarani, na paka wa Uhindini siku hiyo walikula idi.

Mumewe, Mzee Nanji, alikuwa uani kazungukwa na makaa, nyundo na mafungu ya vyombo. Alikuja kutoka Bara Hindi kijana, Kiswahili chake kimekaa kama mguu kwenye kiatu cha mtu mwingine. Masikio yameliwa na nyundo. Ukitaka akusikie unapiga kelele, na yeye anajibu kwa kelele. Kwa hiyo majirani walichungulia dirishani muda wote wakidhani tunapigana.

Sikumweleza kitu. Nilimpa upatu. Yeye hakuupiga. Aliushika kwa ncha za vidole vitatu, akaugusa kwa ukucha ukingoni, akalisikiliza lile tetemeko. Anasikia kwa ukucha.

"Kufa," akanipigia kelele. "Hii kufa."

"Ni shaba gani?"

Hapo ndipo alipofurahi. Akaanza kunipangia vyombo chini. Sinia la kuwekea taa za sala: akanigongea, tang, fupi, butu. "Pital. Shaba na zinki. Nzuri kwa macho." Kengele ndogo ya kushika mkononi: ngiiing, ikaenda uani, ikapanda darini, ikarudi. "Kansu. Shaba na bati. Bati ya kweli, hapana ya paa. Nzuri kwa masikio." Kwa vidole akanionyesha: shaba sehemu nne, bati sehemu moja, bati ikipungua sauti inalala, ikizidi chombo kinavunjika kama glasi. Kisha akaniletea sanamu ya mungu wao, ndogo kama kidole gumba, akasema hiyo ni panchadhatu, madini matano, na dhahabu imo.

"Dhahabu imo kama chumvi kwenye uji," akasema Ba kutoka jikoni. "Alichukua bangili yangu nzima kutengeneza hicho kitoto. Iliyobaki muulize mungu wake."

Mzee hakusikia. Au alisikia.

"Upatu wako kansu," akaniambia. "Kansu hapana lehemu. Hapana gonga baridi. Ikipasuka, basi."

"Imepasuka kwa kupigwa?"

Akachukua kile kipande cha ukubwa wa ukucha, akakitia kwenye jua, akatikisa kichwa. Akaugeuza upatu tumbo juu. Palikuwa na waa jeusi la duara, ambalo mie siku zote nilidhani ni uchafu wa njiani.

"Nani napika hii?" akauliza.

"Nani anapika upatu?"

Akachukua vipande viwili vya bakuli la kansu lililovunjika, akavitia kwenye makaa, akavuvia mpaka vyote viwili vikawa vyekundu kama undu wa jogoo. Kimoja akakishika kwa koleo akakitupa kwenye ndoo ya maji, kikapiga yowe. Cha pili akakiweka juu ya tofali, kipoe chenyewe, taratibu, kwa heshima. Tukakaa tukala. Ba alileta chapati na mchuzi wa dengu wenye sukari. Nilidhani kakosea kopo, nikala kimya kumsitiri, na yeye alivyoona naimaliza akaniongezea.

Vilipopoa akanipa nyundo mie. Nikakigonga kile cha kwenye maji: kikapinda kidogo, kikavumilia, nikagonga tena, kipo. Nikakigonga kile cha kwenye tofali. Mara moja tu, wala si kwa nguvu. Kikakatika vipande viwili, na ndani kijivu, chengachenga.

Mzee akaweka kipande hicho karibu na kipande cha upatu wetu. Ndugu mmoja, mama mmoja.

"Moto," akasema. "Kisha poa polepole. Kisha mtoto mdogo anaweza vunja. Mkono hapana kosa."

Nikaiweka nyundo chini. Kwa sababu mie najua kitu kimoja ambacho yule mzee hakijui. Kwetu ngoma haipigwi kabla ya kukanzwa. Tunawasha moto wa vifuu, tunazipanga ngoma kuuzunguka, ngozi inakaza, sauti inapanda. Hivyo ndivyo tunavyofanya na ngozi. Na siku ile ya mazoezi mie sikuwepo asubuhi, nilikuwa kwenye muhogo wa ujamaa, zamu yangu.

Sahani ya Ba

Wakati huo Ba alikuwa ameushika upatu, anafuta ukingo kwa sari. Akaita mumewe, akamwonyesha. Chini ya ukingo kulikuwa na maandishi ambayo kwetu tunasema ni mapambo. Akasoma kwa sauti. Upatu wetu si upatu. Ni wa kupiga mbele ya mungu wao jioni, na umeandikwa kwamba mtoto fulani kautoa kwa ajili ya roho ya mama yake, hekaluni Chole, kisiwa kile kidogo cha kwetu Mafia ambacho hekalu lake sasa ni gofu. Na vile vitobo viwili ambavyo bibi zetu walisema ni vya kutolea mashetani, ni vya kamba ya kutundikia.

Kwa hiyo, wapenzi, harusi zote za Bweni zimechezwa kwa kitu cha hekalu la Wahindi. Shekhe akitaka kuzirudia ndoa zetu, mie yangu aiache, maana ilishavunjika.

"Mmeupata wapi?" akauliza Ba.

"Bibi mzaa baba alikuwa anafanya kazi kwa mfanyabiashara wa Chole. Walipofunga nyumba kuondoka, alipewa."

"Alipewa au alichukua?"

Hasira zangu mnazijua. Nilimwambia bibi yangu hakuwa mwizi, kwetu hatuna mwizi, na wao walioacha mungu wao aliwe na mizizi ya miti wasituulize sisi nani kachukua nini. Nikasema mengine. Nikatoka, nikaubamiza mlango, nikavuka barabara, nikapita maduka matatu, ndipo nikaona mikono yangu mitupu. Upatu nimeuacha ndani.

Kurudi ilikuwa ngumu kuliko safari yote. Ba alikuwa amekaa palepale.

"Nimekuwekea chai," akasema. "Umefika wapi?"

"Kwenye duka la viatu."

"Mume wangu akikasirika hufika posta." Akacheka, tumbo likacheka, nami nikacheka. Kisha akasema polepole, "Mwanangu, kilichoachwa nyuma na wenyewe, kikalizwa kwenye harusi miaka yote hiyo, hakikuibwa. Tungeondoka nacho sisi, kingekuwa kimefungiwa sandukuni."

Nikamweleza ya shangazi. Yote, ya kijiti, ya Mwanakheri, ya chakula kisicho na chumvi. Ba akaingia ndani akakaa huko. Alipotoka alikuwa na sahani pana, nzito, ukingo umesimama. Kansu. Alipewa na mama yake siku alipoolewa, chakula wanakula humo, ndiyo desturi yao. Wanawe wote wako Ulaya, wanakula kwenye sahani za kioo. Akaigeuza chini juu, akaigonga kwa kifundo cha kidole.

Sitawaelezea sauti ile. Mnaweza kuisikia wenyewe, ipo barazani kwangu.

"Huu wenu uliokufa hauuzwi na hauyeyushwi," akasema. "Cha mungu kikivunjika kinarudishwa majini. Nilitaka kwenda mwenyewe Chole, lakini magoti yangu hayataki. Utaupeleka wewe. Uufunge kwa kitambaa chekundu, uuache uende, usiufuate kwa macho sana. Na hii yangu," akanishika sikio, mie mtu mzima, "msiipike."

Mzee Nanji akapiga kelele kutoka uani, "Maji. Moto kisha maji. Lakini bora hapana moto."

Chole

Kurudi injini haikuzima, kwa hiyo hakuna cha kusimulia. Kilindoni sikupanda trekta. Nilikwenda Utende kwa miguu, nikampata mvuvi wa Lindi aliyekuwa anarudisha mtumbwi, akanivusha.

Kitambaa chekundu dukani hakikuwepo, kama vingine vyote. Nikautia kwenye kanga yangu nyekundu, ile mpya, Mwanaidi, ile uliyosema nimehongwa. Hekalu lenyewe ni kuta zilizokumbatiwa na mizizi, na popo wamejaa juu ya miti kama nguo zilizoanikwa. Niliwaambia wenyewe wa pale, kama wapo, kwamba tumekirudisha, na kwamba kilifanya kazi nzuri. Kisha tukaenda kwenye kina. Nikauachia. Haukuzama wima, uliteleza ubavu kama samaki taa, ukang'aa mara moja, ukaenda.

"Dada," akasema mvuvi, "ile si ilikuwa shaba?"

"Haikuwa shaba," nikamwambia.

Huyo ndiye shahidi wangu. Kahamia Shungimbili, kwenye dago, kambi ya wavuvi. Asiyeniamini aende akamuulize, atarudi na samaki.

Nyumbani

Mliipokea sahani kama mnapokea mgonjwa. Sikusema kitu mpaka nilipomfuata Mzee Mfaume, mpiga msondo, ile ngoma yetu ndefu, nikamuuliza taratibu, mie, taratibu. Hakuficha. Akasema asubuhi ile kulikuwa na ubaridi, ngoma mlizipanga motoni, na mmoja wenu akasema upatu nao sauti yake imelala, nao ukanzwe. Mkauweka juu ya makaa ya vifuu. Ukawa mwekundu, mkafurahi, mkaitana kuutazama. Na Bi Shamte akasema uacheni upoe polepole, msiutie maji, usije ukashtuka.

Bi Shamte, mie sikulaumu. Ulisema hivyo kwa huruma. Ungekuwa na roho mbaya ukautia maji, pengine upatu ungekuwa unalia mpaka leo. Hakuna aliyejua. Mie mwenyewe ningekuwepo ningeleta vifuu.

Lakini shangazi hakuwepo. Alikuja alasiri, baada ya sala, upatu umeshapoa umeshawekwa kwenye kata yake, mkampa kijiti mikononi nyie wenyewe. Akapiga mara moja. Mkamwita mwenye hasira, mkamvua kijiti, na nyote mlikuwa mmeuona moto.

Nimemweleza haya yote. Akanisikiliza, akasema, "Waache, mwanangu, usije ukachokora moto ukamwaga wali wa harusi." Kisha akaigusa sahani ya Ba kwa kidole kimoja, akaondoa mkono haraka, kama kaiba.

Harusi ni Ijumaa. Sahani iko barazani, kata nimesuka mpya. Kijiti kiko kwa Bi Shamte, kimechomekwa kwenye makuti juu ya mlango, nimekiona. Shangazi haendi kukiomba, na mie sitamchukulia, maana mie ni mwanawe, haitahesabika. Mpiga upatu haokoti kijiti. Anapewa, na lazima apewe mbele za watu, kama alivyonyang'anywa.

Haya, mmesoma mpaka mwisho. Nani kati yenu anampa?